Habari za Maji na Kazi ya Kujitolea Katika Mitaa ya Eastlands



Katika mkutano mkuu wa Chama, lilipoletwa shauri la kujenga mahali pa watoto wetu kujifunzia kuogelea na kucheza majini kwa salama, mzee mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikujibiwa siku ile. Alisema, "Mama zenu wanaamka alfajiri kungoja mfereji utoe maji. Leo mwataka kuyamwaga shimoni ili watoto warukeruke. Maji hayo yatatoka wapi, na shauri hili limetoka wapi?" Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Halmashauri ikaniagiza mimi, karani wenu, nikusanye habari za mambo yaliyopita na kuziandika katika kitabu hiki cha ripoti, ili kila mwanachama apate kuzisoma kabla ya kutoa sauti yake. Swali la mzee ni la haki, wala sitalijibu mbio mbio. Kwanza nitasimulia tulikotoka.

Mji wetu umepewa jina la maji. Wamasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao hapa waliuita mto huu Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa ilifika mahali hapa mwezi wa Mei 1899, na wenye reli wakapiga kambi yao kuu kwa sababu palikuwa tambarare na palikuwa na maji, kabla ya kazi ngumu ya kupanda milima na kuteremka Bonde la Ufa. Hivyo maji ndiyo yaliyouleta mji, kisha mji ukawaleta babu zetu.

Mito yetu mikubwa ni mitatu, nao ni Nairobi, Mathare na Ngong. Yote hutoka katika miinuko ya magharibi ikateremka mashariki, kisha hukutana, maji yake yakaingia Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, na mwisho huitwa Sabaki, hata ukamwagika baharini kaskazini ya Malindi. Mtu akiitazama ramani ya mji ataona jambo moja bila kuambiwa. Wakati wa ukoloni miinuko ya magharibi ilikuwa makao ya Wazungu, na tambarare ya mashariki ikatengwa kwa Waafrika. Walio juu walikuwa wa kwanza kuuona mto, nasi wa chini tukapokea kilichobaki pamoja na kilichotupwa. Viwanda vilipoongezeka na watu walipozidi, mto ambao wazee wengine wanakumbuka kuvua samaki ndani yake ukawa mto wa kuziba pua.

Pumwani ulianzishwa katika miaka ya kwanza ya 1920. Waafrika walipewa viwanja wakajijengea nyumba zao wenyewe kwa miti, udongo na madebe, na Baraza la Mji likaweka vyoo na mabomba ya maji ya kutumiwa na watu wengi pamoja. Tangu siku zile maji ya mitaa yetu yalikuwa maji ya foleni. Baada yake ikaja mitaa mingine, kama vile Shauri Moyo, Ziwani, Starehe na Kaloleni, na katika miaka ya 1950 ikafuata mitaa mingi zaidi kando ya barabara ya Donholm, ambayo sasa yaitwa Jogoo. Katika Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, mateka wa vita Waitaliano walitumiwa katika kazi ya ujenzi. Ramani kuu ya mji iliyotolewa mwaka 1948 ilisema watu wakae katika mitaa yenye shule yake, uwanja wake na ukumbi wake. Kwa hiyo wazee wetu walipata kumbi. Ukumbi wa Kaloleni ulisikia hotuba nyingi za siasa, hata wenyeji wakaufananisha na Bunge la Uingereza. Ukumbi wa Kumbukumbu wa Pumwani uliwakusanya watu kwa dansi, mikutano na masomo. Yafaa kukumbuka kwamba sehemu ya fedha za kuendeshea mambo ya namna hii ilitokana na faida ya pombe ambayo Baraza lilijitwalia haki ya kuiuza peke yake. Mtu wa kwetu alilipia starehe yake kwa senti zake mwenyewe, kisha akaambiwa ashukuru.

Katika starehe hizo mlikuwamo kandanda, ngumi na muziki, na sifa zake zikaenea Afrika Mashariki nzima. Lakini maji yalibaki kuwa kitu cha kuteka, kufua na kupikia. Kuogelea kulikuwa mchezo wa vilabu vya wakubwa, ambavyo Mwafrika aliviingia kwa mlango wa jikoni. Tuna hata mtaa uitwao Ziwani, lakini mtoto wa Ziwani alikua bila ya kujua kuelea.

Hapa nataka kutaja jambo moja la ajabu. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1940, afisa aliyewekwa na Baraza la Mji kusimamia mambo ya Waafrika alikuwa Bwana T. G. Askwith. Bwana huyu alikuwa mpiga makasia hodari, aliyewakilisha Uingereza katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932 na ya Berlin mwaka 1936. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa walioanzisha United Kenya Club, ili watu wa rangi zote wapate kuketi meza moja. Baadaye alisimamia idara ya maendeleo ya jamii katika nchi nzima, akihubiri kwamba watu wajisaidie wenyewe kwa mikono yao. Basi tulipata kiongozi aliyejua maji kuliko watu wengi, na aliyeamini kazi ya kujitolea. Hata hivyo mambo hayo mawili, maji na kujitolea, hayakukutana katika mitaa yetu. Simlaumu. Siku zile watu walilala wanne au sita katika chumba kimoja, na mwenye njaa hatafuti kwanza mahali pa kuogelea.

Lakini neno "kujitolea" lina historia yenye kovu, na wazee wanaijua kuliko mimi. Wakati wa Hali ya Hatari watu wa mikoa ya kati walikusanywa vijijini kwa nguvu wakafanyizwa kazi iliyoitwa ya jumuiya, huku askari wamesimama na bunduki. Hapa mjini, tarehe 24 Aprili 1954, Operesheni Anvil ilizunguka mitaa yetu, na maelfu ya watu wakapakiwa katika malori. Aliyeyaona hayo akisikia karani kijana anasema "njoni tujitolee," ana haki ya kuuliza ni nani atakayehesabu majina ya wasiokuja. Kazi ya kujitolea ni ile ambayo mtu aweza kuikataa na kesho yake akasalimiwa kama jana. Jambo hili liandikwe mwanzo wa kila mradi wetu.

Ipo kazi ya namna hiyo, nayo ni yetu wenyewe. Mwaka 1953 diwani Ambrose Ofafa aliuawa hapa Nairobi. Baraza likauita mtaa kwa jina lake, na Waluo, kwa uongozi wa chama chao cha Luo Union, wakachangishana fedha hata ukasimama ukumbi wa kumkumbuka huko Kisumu. Tarehe 1 Juni 1963, siku ya Madaraka, Mzee Jomo Kenyatta alilichukua neno la wavuta mizigo, Harambee, akalifanya wito wa taifa. Shule, zahanati na mabomba ya maji yakajengwa nchi nzima kwa senti, mawe na jasho. Ni kweli kwamba baadaye harambee iliharibiwa na wakubwa walioshindana kutoa vitita mbele ya watu, hata sheria ya mwaka 2003 juu ya maadili ya watumishi wa umma ikawawekea mipaka. Lakini mchezo wa wakubwa haufuti jasho la wadogo. Wengi wetu tulisoma katika madarasa yaliyoezekwa kwa michango ya mama zetu.

Mfano ulio karibu zaidi na shauri letu ulitoka Mathare. Mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa herufi MYSA. Chama hiki kilifunga mambo mawili katika fundo moja, yaani mpira na usafi. Timu iliyotoka na majembe na toroli ikasafisha mitaro ya mtaa wake ilipewa pointi 6 katika msimamo wa ligi, ambapo ushindi uwanjani ulileta 3. Hivyo mtoto aliyefungwa Jumamosi asubuhi aliweza kuinuka mchana kwa kuzoa takataka. Kutoka huko ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, ikatwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Fundisho ni kwamba kijana hujitolea kwa furaha akiona kwamba kazi yake imehesabiwa mahali anapopapenda.

Hali kadhalika katika miaka ya 2010 vijana wa Dandora walianza kusafisha nyua za nyumba zao, zile zilizopimwa na kugawanywa katika mradi wa viwanja uliosaidiwa na Benki ya Dunia tangu miaka ya 1970. Ua ulishindanishwa na ua, takataka zikaondoka, maua na michezo ya watoto ikaingia. Huko Korogocho, tangu mwaka 2017, kikundi cha vijana kiitwacho Komb Green Solutions kilishuka ukingoni mwa Mto Nairobi, mahali palipoogopwa hata mchana, wakazoa uchafu, wakapanda miti na kufanya bustani ya watu wote. Katika mto ule waliokota hata miili ya watoto wachanga. Waliyoyaona hayo hawakuacha kazi. Mimi nikikumbuka kwamba baadhi yao walikuwa vijana ambao jamii ilikwisha kuwakatia tamaa, naona haya kulalamika kwamba Jumamosi yangu ni fupi.

Sasa nifike kwenye sababu ya shauri lenyewe, nayo haiko katika vitabu.

Nyumba za mawe za Nairobi zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa, na mengi yalichimbwa mashariki, pande za Njiru, Kayole na Embakasi. Jiwe likiisha, wenye machimbo huondoka na shimo hubaki. Shimo la Dandora likageuzwa jaa la takataka la mji mzima tangu miaka ya 1970. Mashimo mengine hujaa mvua, yakawa mabwawa yasiyo na mwenyewe, ambayo vijana huyaita matimbo. Maji yake huonekana tulivu. Kingo zake zimekatwa wima kama ukuta, na hatua moja kutoka ukingoni mtu mzima hapati chini. Kila masika tunasikia habari za watoto waliofia humo.

Nilipokuwa darasa la nne tulikwenda kwenye timbo moja watoto watano baada ya shule. Tulikunja sare zetu tukaziweka juu ya jiwe, zisilowe, maana tuliogopa kupigwa nyumbani kuliko tulivyoogopa maji. Mwenzetu mmoja aliteleza ukingoni. Hakupiga kelele, na watu hawajui kwamba mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Alitazama juu, mdomo u wazi, kisha hakuonekana. Sisi wanne tulisimama. Hapana aliyejua kuogelea. Mmoja wetu alikimbia kuita watu, na watu wakaja wengi, wanaume wenye nguvu, mafundi, makuli na makarani, wakasimama ukingoni kama sisi. Aliyeingia ni bawabu mmoja mzee, aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria. Alivua koti lake la kazi, akazama mara tatu, akamtoa. Lakini muda ulikuwa umepita. Sare yake tuliirudisha kwa mama yake ikiwa kavu, imekunjwa vizuri.

Miaka mingi nilidhani tulikosa kwa kuwa watukutu. Baadaye, nilipokuwa katika shule ya sekondari ya misheni, nilianza kujiuliza kwa nini kati ya watu wazima zaidi ya hamsini aliyejua maji alikuwa mmoja, naye akiwa amejifunza mbali na mji unaoitwa kwa jina la maji. Utukutu ni wa watoto wote duniani. Shimo lisilo na ua, na mtoto asiyefundishwa kuelea, hayo ni makosa ya watu wazima.

Wala msiba huu si wetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na kati ya kila kumi, tisa walikuwa wa nchi zenye kipato cha chini na cha wastani. Karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wa 2021 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbuka jambo hili. Shirika hilo la Afya linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Mashariki yetu ina makumbusho yake, kwani kivuko cha Mtongwe kilipinduka Mombasa tarehe 29 Aprili 1994 wakafa watu 272, na Mv Bukoba ikazama katika Ziwa Viktoria tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia. Kaskazini ya Unguja, kijiji cha Nungwi, ulianzishwa mradi wa Panje, uliowafundisha wasichana na wanawake kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri mwili wote, wakatoka wanafunzi ambao wenyewe wakawa walimu. Kama watu wa pwani, wanaozaliwa wakisikia mawimbi, wameona haja ya kufundishwa, sisi wa bara tutajivunia nini?

Basi nalirudia swali la mzee. Maji yatatoka wapi?

Kwanza, yasitoke mtoni. Mto wetu bado haufai kuogewa, na ukingo wake si mahali pa kujenga. Mafuriko ya mwezi wa Aprili na Mei 2024 yalibeba nyumba na watu Mathare na Mukuru, na baada yake serikali ikabomoa nyumba zilizokuwa ukingoni. Ukingo uachiwe miti. Bwawa liwe kwenye kiwanja cha ukumbi, juu ya maji ya mafuriko.

Pili, tupime kabla ya kuogopa. Bwawa la kufundishia watoto halihitaji kuwa la mashindano. Likiwa na urefu wa mita 12, upana wa mita 6, na kina cha wastani cha sentimeta 90, litachukua lita 64,800, ambazo ni mitungi 3,240 ya lita 20. Hesabu hiyo yatisha, nami sikuificha. Lakini maji ya bwawa hayamwagwi kila jioni. Huzungushwa kwa pampu, yakachujwa katika mchanga na kutiwa klorini, yakatumika miezi mingi. Mvua ya Nairobi kwa mwaka ni yapata milimita 900. Paa la ukumbi lenye mita za mraba 200 likiwekewa mifereji na matangi, laweza kupokea lita 180,000 kwa mwaka. Tukitoa sehemu ya tano kwa kupotea, zabaki 144,000. Jua litakula labda lita 300 kila siku, ambazo kwa mwaka ni kama 110,000. Lakini mvua inayoanguka bwawani penyewe itarudisha kama 65,000. Kwa hiyo paa letu laweza kulijaza bwawa na kulitunza, na masalio yakasafishia chujio na miguu ya watoto. Hatutachukua mtungi hata mmoja katika foleni ya mama zetu. Nayo halmashauri inapendekeza kanuni hii iandikwe ukutani: mwaka wa ukame bwawa lifungwe, na maji ya tangi yawe ya majirani.

Tatu, kujitolea si kubahatisha. Ardhi ya Eastlands kwa sehemu kubwa ni udongo mweusi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Kila mwenye nyumba hapa ameona nyufa zake. Tukijenga juu ya udongo huo, bwawa litapasuka kabla ya mtoto wa kwanza kujifunza. Yatupasa kuuondoa hata tufike kwenye mwamba au tabaka gumu, na ramani ichorwe na mhandisi. Kuchimba, kubeba kokoto, kusuka nondo kwa maagizo ya fundi, kupaka rangi, kushona mapazia ya vyumba vya kuvalia, hayo tutayafanya kwa mikono yetu siku za Jumamosi. Mhandisi, fundi wa mabomba na fundi wa umeme tuwalipe, wapate kuwajibika. Asiyekuwa na nguvu ya kuchimba anaweza kupika uji wa wachimbaji, na asiyeweza kupika anaweza kutunza daftari. Na walimu tunao. Katika mitaa hii wamo watu waliokulia kando ya Ziwa, Tana, Lamu na Mombasa, ambao ujuzi wao wa maji umelala bila kazi kama jembe katika stoo.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuangalie Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 juu ya maji yale yale yanayoshuka kwetu kwa jina la Mto Ngong. Lilikuwa hazina ya maji, na juu yake wenye mashua za tanga walishindana siku za Jumapili. Halikukosa wahandisi wala fedha. Lakini uchafu na matope viliingia kutoka juu, na hakuna aliyeviona kuwa kazi yake, hata katika miaka ya 1990 magugumaji yakalifunika lote na matanga yakatoweka. Upande wa pili tuna bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi karibu na katikati ya mji. Waziri John Michuki, aliyepewa wizara ya mazingira mwaka 2008, aliisimamia ikasafishwa. Alipofariki mwaka 2012 ikarudia uchafu, na mwaka 2020 ikabidi isafishwe tena. Kazi iliyomtegemea mtu mmoja ilidhoofika pamoja naye.

Kwa hiyo katika historia hii yote sioni kwamba tulishindwa kujenga. Tumejenga Pumwani kwa madebe, tumejenga shule kwa senti, tumesafisha nyua na kingo. Tulikoshindwa ni kutunza baada ya siku ya kukata utepe. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa sababu hiyo halmashauri haiwaombi kwanza majembe. Yawaomba majina ya watunzaji. Wapatikane watu ishirini na wanane, wanne kwa kila siku ya juma, watakaopima maji asubuhi, kusafisha chujio, kufunga lango jioni, na kusimama ukingoni wakati wote mtoto awapo majini. Wanaojua kuogelea waanze kuwafundisha wengine katika mabwawa ya Kasarani na Nyayo, ili watakaosimama ukingoni wawe watu wanaoweza kuingia. Majina hayo yakijaa, tuanze kuchimba. Yasipojaa, tusianze, maana bwawa lisilo na mlinzi ni timbo jingine, ila hili litakuwa limechimbwa na sisi.

Wazee wangu, mimi ni karani tu, na kazi yangu ni kuandika mliyoyakata. Daftari la majina liko juu ya meza ya ofisi ya Chama, na ukurasa wa kwanza u wazi. Nimeandika jina moja, langu mwenyewe, katika zamu ya Ijumaa, nami nitaanza kujifunza kuogelea katika umri huu, mbele ya watoto watakaonicheka. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga.



Karani wa Chama